Tiba ya usingizi mtandaoni kwa watu wenye usonji: skrini haina kosa, tuyaangalie maelekezo

Mei 2022, taasisi ya NICE, ambayo huishauri huduma ya afya ya Uingereza kuhusu tiba zinazofaa kugharimiwa, ilipendekeza programu ya mtandaoni iitwayo Sleepio kwa watu ambao vinginevyo wangepewa vidonge vya usingizi au ushauri wa jumla kuhusu mazoea ya kulala. Agosti 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu toleo lake linaloandikwa na daktari kama inavyoandikwa dawa. Mwaka huohuo, watafiti wa Vrije Universiteit Amsterdam nchini Uholanzi wakachapisha mpango wa jaribio la programu nyingine, i-Sleep, ikiwa imerekebishwa kwa ajili ya watu wazima wenye usonji (autism), hali ya kimaumbile ya ubongo inayobadili namna mtu anavyohisi na kuwasiliana. Mtu anajisomea na kufanya mazoezi akiwa kwake, na msaidizi anamfuatilia kwa mbali.

Habari hii ya mwisho inaeleweka vibaya, tena na pande mbili zinazopingana. Upande mmoja unaona watu wenye usonji wanatupiwa kompyuta kwa sababu hakuna anayetaka kukaa nao chini na kuwasikiliza. Upande wa pili unashangilia, ukisema hawa ni watu wa mashine, basi wapeni mashine na kazi imekwisha. Wote wanaitazama skrini, na mimi nadhani skrini ndiyo sehemu yenye shida ndogo kuliko zote. Kwa watu wengi wenye usonji, tiba ya kujisomea mtandaoni inaweza kuwa mlango mzuri zaidi kuliko chumba cha daktari. Kinachotakiwa kuhojiwa ni maelekezo yaliyomo ndani yake, kwa maana yaliandikwa kwa kumfikiria mtu ambaye mwili wake humpa taarifa kwa namna nyingine, na ambaye kitanda kwake ni samani tu.

Tuanze na tiba yenyewe, maana wengi wanaoibishania hawajui ina nini. Madaktari husema mtu ana tatizo sugu la kukosa usingizi pale anaposhindwa kulala au kuendelea kulala angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, ilhali nafasi ya kulala anayo na mchana unamharibikia. Tiba inayopendekezwa mwanzo, kabla ya dawa, ni ya utambuzi na tabia, yaani ya kubadili fikra na mazoea yanayouharibu usingizi, na chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kiliitamka rasmi hivyo mwaka 2016. Uti wake wa mgongo ni mambo mawili ya zamani. La kwanza lilielezwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972: kitanda kiwe cha kulala tu, ulale pale usingizi unapokujia, na ukikaa macho muda mrefu uinuke uende kwingine, ili mwili usahau kukihusisha kitanda na kukesha. La pili lilielezwa na mwanasaikolojia Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987, nalo ni kuubana muda wa kitandani. Mtu anayekaa kitandani saa tisa na kulala saa sita anapewa saa sita tu, hamu ya usingizi inarundikana, usingizi unajikusanya na kuwa mzito, kisha muda unaongezwa kidogo kidogo. Kwa kawaida hashushwi chini ya saa tano. Wiki za mwanzo ni ngumu, na yeyote anayekwambia ni tiba ya kupumzika hajawahi kuipitia.

Tiba hii inabebeka vizuri mtandaoni kwa sababu sehemu kubwa yake ni hesabu na ratiba. Mtu anajaza daftari la usingizi kila asubuhi, programu inapiga hesabu na kumpa saa za kulala na kuamka za wiki inayofuata. Jaribio la Colin Espie na wenzake la mwaka 2012, lenye watu 164, lilionyesha kwamba programu iliwasaidia waliokosa usingizi kuliko tiba bandia. Mwaka 2016 jaribio la Australia lenye watu 1,149 lilionyesha kuwa kutibu usingizi mtandaoni kulipunguza pia dalili za sonona, na mwaka 2017 jingine likawafikia wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza. Kwa hiyo anayesema tiba ya mtandaoni ni kiini macho amechelewa zaidi ya miaka kumi. Jambo jingine linalojirudia katika tafiti za tiba za mtandaoni ni kwamba programu yenye msaidizi wa kibinadamu, hata anayeandika ujumbe mfupi mara moja kwa wiki, huleta matokeo bora kuliko ile inayomwacha mtu peke yake.

Lakini majaribio hayo makubwa hayakubuniwa kwa kuwafikiria watu wenye usonji, na usiku wa mtu mwenye usonji una mambo yake. Usingizi wa shida ni jambo la kawaida zaidi kwao kuliko kwa watu wengine, utotoni na ukubwani. Nchini Australia, kazi za Emma Baker na Amanda Richdale wa Chuo Kikuu cha La Trobe zimeonyesha kwamba kwa watu wazima wenye usonji, saa ya mwili nayo mara nyingi imehama: usingizi unakuja umechelewa sana, au unakuja kwa saa zisizotabirika. Ongeza milango ya fahamu iliyo wazi kupita kiasi, kiasi kwamba mshono wa shuka, mlio wa friji chumba cha pili au mwanga mwembamba chini ya mlango unatosha kufukuza usingizi. Ongeza wasiwasi, ambao wengi wao wanaishi nao kila siku. Ongeza pia ukosefu wa ajira, unaomwondolea mtu sababu ya kuamka saa maalumu, na saa ya kuamka ndiyo nanga ya usingizi wote.

Hapa ndipo inapoingia hoja ambayo kwangu ni dhaifu kuliko zote, nayo husemwa hata na watu wenye nia njema: kwamba kukosa usingizi ni sehemu ya usonji, na kwa kuwa usonji si ugonjwa wa kuponywa, tumwache mtu alivyo. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Spielman huyohuyo alitupa namna ya kuyatenganisha aliposema kwamba tatizo sugu la usingizi lina vyanzo vya aina tatu: yale yanayomweka mtu karibu na tatizo tangu mwanzo, yale yanayolianzisha, na yale yanayoliendeleza baada ya chanzo kupita. Usonji uko kwenye kundi la kwanza. Tiba hailigusi kundi hilo hata kwa mtu asiye na usonji. Hakuna anayejaribu kubadilisha urithi wake au hulka yake. Tiba inafanya kazi kwenye kundi la tatu: kulala mchana ili kufidia, kukaa kitandani saa kumi ukiutafuta usingizi, kuogopa usiku kabla haujaingia. Hayo mtu mwenye usonji anayo kama wengine, na yanabadilika. Kumwambia kwamba kukesha kwake ni maumbile yake ni kumnyima tiba kwa lugha ya heshima. Mtu anaweza kuheshimiwa kama alivyo na bado akalala.

Hoja ya pili, ya kutupiwa mashine, ina uzito zaidi na sitaki kuipita haraka. Ni kweli kwamba serikali na bima hupenda programu kwa sababu ni nafuu. NICE yenyewe ilitaja wazi kuokoa gharama. Ni kweli pia kwamba watu wazima wenye usonji wamezoea kuambiwa wasubiri huduma zisizofika. Lakini anayeleta hoja hii alinganishe kilicho sawa na kilicho sawa. Kumfikia mtaalamu ana kwa ana maana yake ni kupiga simu kuomba nafasi, jambo ambalo kwa wengi wenye usonji ni mzigo wa siku nzima. Ni kukaa kwenye chumba cha kusubiri chenye taa nyeupe na televisheni. Ni kumsoma mtu mgeni usoni ili kujua kama swali lake ni swali au ni lawama. Na ni kujibu papo hapo kuhusu jambo linalohitaji dakika kumi za kufikiri. Baada ya yote hayo, uwezekano wa kumkuta mtaalamu anayejua vizuri tiba ya usingizi na pia anajua usonji wa watu wazima ni mdogo mno. Maandishi, kinyume chake, yanasubiri. Unayarudia mara tano bila mtu kukunja uso. Unajua somo lijalo lina kurasa ngapi. Hiyo ni tiba iliyokaa kwa umbo analoliweza mhusika, na kuiita ya daraja la pili ni kupima huduma kwa raha ya anayeitoa.

Ndiyo maana nasema tuingie ndani, kwenye sentensi zenyewe. Chukua kanuni ya kwanza ya Bootzin: nenda kitandani unapohisi usingizi. Inaonekana nyepesi kabisa. Lakini usingizi unahisiwaje? Kuna hali inayoitwa aleksithimia, ugumu wa kutambua na kutaja yanayotokea ndani yako, na tafiti zilizokusanywa pamoja zinaiona kwa karibu nusu ya watu wenye usonji. Wengi wanaeleza kwamba hawaijui njaa hadi mikono itetemeke, na hawaujui uchovu hadi waanguke. Mtu huyo ukimwambia asubiri ahisi usingizi, unaweza kuwa umemwambia akeshe. Maelekezo yanayomfaa yanataja dalili za nje zinazoonekana: umesoma mstari uleule mara tatu, macho yanatoa machozi, umepiga miayo mfululizo, sauti zimeanza kukuudhi kuliko nusu saa iliyopita. Akizijua dalili zake mwenyewe kwa kuziandika wiki mbili, kanuni ya Bootzin inaanza kumfanyia kazi. Kanuni haijaguswa, kilichobadilika ni namna ya kuifikia.

Au chukua hiyo ya kuinuka usipolala. Programu nyingi hutaja dakika kama 20, na waandishi wake wanamaanisha makadirio tu, maana wanasema pia usiangalie saa. Mwanamke mmoja ninayemfahamu, mwenye usonji, alisoma dakika 20 akaelewa dakika 20. Akatega kengele. Kila usiku kengele ililia, mara nyingine wakati ndiyo kwanza anaanza kuzama usingizini, naye akainuka kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Alifanya hivyo kwa wiki kadhaa akiamini anafanya vibaya mahali fulani. Hakuwa na kosa lolote. Alifuata maandishi kwa uaminifu kuliko walivyotarajia walioyaandika. Sentensi moja ya nyongeza, inayosema kwamba namba ni ya kukisia na kwamba kuinuka kunakuja pale unapoanza kukereka, ingemwokolea usiku mwingi.

Kisha kuna kitanda chenyewe. Kwa mtu mwenye usonji aliyerudi kutoka siku ya kelele, mazungumzo na mwanga, kitanda mara nyingi ndiyo sehemu pekee duniani yenye uzito, joto na giza anavyovitaka. Hapo ndipo anapojikusanya. Programu inayomwambia asikae kitandani ila kwa kulala inamwondolea kimbilio bila kujua kwamba imeondoa kitu, na tunashangaa anapoacha tiba wiki ya pili. Jawabu liko karibu kuliko tunavyodhani: kabla ya kukifunga kitanda mchana, somo zima litumike kutengeneza kimbilio kingine, kona yenye blanketi zito na pazia, ili mwili upate pa kutulia na kitanda kibaki na maana moja. Ni hivyo hivyo kwa marufuku ya skrini usiku. Kuna mtu ambaye saa moja ya kusoma kuhusu jambo analolipenda sana ndiyo dawa yake ya wasiwasi; ukiikata bila kuweka mbadala, umemlaza na wasiwasi.

Sehemu ya fikra nayo inahitaji uangalifu. Tiba humfundisha mtu kuhoji woga wake: je, kweli kesho itaharibika ukilala vibaya? Kwa wengi jibu la kweli ni hapana, siku itapita. Kwa mtu mwenye usonji, jibu linaweza kuwa ndiyo. Akilala vibaya, sauti zinauma zaidi, maneno yanapotea, na jitihada ya kuonekana wa kawaida kazini inashindikana. Woga wake umetokana na uzoefu. Programu ikimwambia anatia chumvi, inapoteza imani yake palepale, na imani hiyo ikishavunjika masomo yaliyobaki hayasomwi. Hata dodoso la kupimia lina shimo. Kipimo cha Ukali wa Kukosa Usingizi, kinachotumika karibu kila jaribio na chenye maswali saba na alama kuanzia 0 hadi 28, kinauliza katika swali mojawapo ni kwa kiasi gani watu wengine wanaliona tatizo lako. Mtu aliyetumia maisha yake yote kujifunza kuficha atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hawalioni, na alama zake zitashuka wakati anazama.

Sasa nije kwenye hoja yenye nguvu kuliko zote zinazopingana nami. Wapo wataalamu wanaosema fiziolojia ya usingizi, yaani namna mwili unavyouendesha, ni moja. Hamu ya kulala hurundikana kwa mtu yeyote anayekaa macho, na kila marekebisho yasiyopimwa yana hatari ya kuipunguza nguvu tiba iliyokwisha kuthibitishwa. Nakubaliana nao kuliko watakavyodhani. Uchambuzi uliochapishwa 2024 katika jarida la JAMA Psychiatry, uliokusanya majaribio 241 yenye washiriki zaidi ya 31,000, ulijaribu kutenganisha viungo vya tiba hii. Kubana muda wa kitandani, kukirudishia kitanda maana moja na kazi ya fikra vilionekana kusaidia. Ushauri wa jumla kuhusu mazoea ya kulala haukuonekana kuwa wa lazima, na mazoezi ya kulegeza mwili huenda hata yalipunguza mafanikio. Hilo ni onyo kwa sisi tunaotaka marekebisho. Kishawishi kikubwa, unapomwandikia mtu unayemwona dhaifu, ni kuondoa kigumu na kubakiza kitamu: toa ubanaji wa muda, weka muziki wa mawimbi na michoro ya mwezi. Programu ya namna hiyo itasifiwa kwa upole wake, na mtumiaji ataendelea kukesha. Mtu mwenye usonji anastahili tiba kali ileile, iliyoelezwa kwa usahihi.

Kuna mahali pamoja ambapo ukali huo lazima usimame, na hapa ndipo ninapowaogopa wauzaji wa programu zisizo na mtu nyuma yake. Kupunguza usingizi kunaweza kuchochea degedege kwa mwenye kifafa, na kunaweza kumsukuma mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) kwenye kipindi cha msisimko mkali. Kifafa kinawapata watu wenye usonji zaidi ya wengine. Swali kuhusu kifafa basi haliwezi kuwa kisanduku cha kubofya mwishoni mwa masharti ambayo hakuna anayeyasoma. Liulizwe mwanzo, kwa maneno ya wazi, na jibu la ndiyo limpeleke mtu kwa daktari au kwenye ratiba ya taratibu isiyokata saa nyingi. Vivyo hivyo kwa yule ambaye saa ya mwili imehama. Huyo analala vizuri kabisa, ila kuanzia saa kumi za usiku hadi saa sita mchana. Ukimbana muda bila kuisogeza saa yake, kwa mwanga wa asubuhi na melatonini, homoni inayouashiria mwili kwamba ni usiku, iliyopangwa na mtaalamu, utamchosha bure. Daftari la usingizi la wiki mbili linaonyesha tofauti hiyo kwa mtu anayejua kulisoma. Lazima awepo wa kulisoma.

Kwa hiyo matokeo ya majaribio kama la Uholanzi yakitoka, ni vyema tusiishie kuuliza kama wastani wa alama umeshuka. Kumlinganisha aliyetibiwa na aliye kwenye foleni ya kusubiri, kama inavyofanyika mara nyingi katika uwanja huu, kunatuambia kwamba kitu ni bora kuliko kutopewa chochote, na kwa mtu aliyekesha miaka 20 hilo si dogo. Ila halitujibu kama toleo lililorekebishwa linalishinda toleo la kawaida lenye msaidizi mzuri, na mpaka hapo hakuna ajuaye ni sentensi zipi zilizofanya kazi. Nitatafuta kwanza idadi ya walioacha na wiki waliyoacha. Nitatafuta kama kuna walioongezewa shida. Nitatazama pia nani hakuingia kabisa, maana masomo ya kuandika na kusoma yanawaacha nje watu wenye usonji walio pia na ulemavu wa akili, na watu hao hukesha sawasawa na wengine, wakiwa na mlezi anayekesha nao.

Na kwa wanaosaini mikataba ya kununua programu hizi: msaidizi ndiye atakayekatwa kwanza bajeti ikibana, kwa sababu kwenye karatasi anaonekana ni nyongeza. Mwanamke wa kengele ya dakika 20 alihitaji ujumbe mmoja tu kutoka kwa mtu aliyeliona daftari lake na kushangaa kwa nini anainuka mara sita kila usiku, kwa nafasi zilezile. Daftari alilijaza kila asubuhi, na hakuna aliyelifungua.